Majani Mabichi Katika Kiangazi

Jumanne, tarehe kumi na mbili Agosti, Tata Mulumba alifika makaburini asilione kaburi la mkewe: udongo mtupu, hata msalaba hakuna. Wakubwa wa makaburi walimwambia arudi kesho, na kesho yao haijafika.

Leo, ndani ya basi la kwenda Musonoi, Mulumba alimsikia mama mmoja akimuuliza mtunza bustani wa tajiri mmoja, “Tata Philippe, majani ya uwanja wa patron wako ni mabichi namna gani? Si banapandaka mvua ikianza?”

“Patron hawezi kungoja mvua, mama. Tulikata majani na udongo wake kule makaburini, tukayatandika kama mkeka.”

“Makaburini? Hamuna haya.”

“Bakubwa balisaini. Benye kulala pale habahitaji bustani.”

Basi liliposimama, Philippe akashuka. Mulumba akatoa kichwa dirishani. “Tata, na ile misalaba mulipeleka wapi?”