Njumu za Mou Chengye

Nikiri mapema: nilikalia viatu vya marehemu. Tramu ya mji wa Dalian, Uchina, ilijaa watu waendao kufagia makaburi ya jamaa zao, nami nikaona kiti kitupu nikajitupa. Karatasi zikakunjamana chini yangu.

"We baba, inuka! Hizo njumu za Mou Chengye!" Mama mmoja wa kiti cha pili, Mama Qu, akazichukua, akazinyoosha magotini. Kila mwaka humchomea mshambuliaji huyo wa soka jozi moja ya karatasi, imfikie huko aliko. "Mabao mia moja na mawili, halafu akafa hana mtoto."

"Mia na matatu," alisema mwanamume wa kofia, kando ya dirisha. "Lile la siku ya mvua lilivuka mstari. Na Mou hakufa, mama. Alistaafu tu, goti. Ndiye mimi."

Mama akacheka. "Mwanangu, mji mzima ulilia."

"Mlililia uvumi." Akavua kiatu, akakikung'uta. Majivu yakamwagika, bado ya moto. "Kila ukichoma, naamka nimezivaa. Miguu inakimbia yenyewe mpaka geti la makaburi. Mwaka jana nilijishikilia kwenye nguzo. Mwaka huu sina nguvu."

Mama Qu alimtazama kwa huruma, kama mtu aliyetumwa kupeleka habari ya msiba. "Na nisipochoma, Chengye, si utacheza pekupeku?"

Tramu ikasimama makaburini. Mama Qu akashuka, njumu kwapani.

"Mama, tafadhali," yule bwana wa kofia aliita, ameng'ang'ania bomba la tramu kwa mikono miwili, "mwaka huu usichome."