Mama Lukresia na Gunia Jekundu la Nainokanoka

Tarehe 30 Juni 1988 Mama Lukresia Tluway anakabidhi funguo za stoo ya sampuli katika kambi yetu ya utafiti wa madini hapa Karatu, baada ya miaka ishirini na mbili ya utumishi. Alitoka Qurus, kijiji cha Wambulu, kuja kufagia, akaishia kuitawala stoo pamoja na sisi tuliomo. Bwana Raphaeli, mjiolojia wetu, amewahi kufukuzwa mlangoni kwa buti zenye tope, na alikwenda kuzisafisha.

Ila huwezi kumuaga mama huyu ukaruka mwaka 1979, ingawa habari zake hadi leo zinatusisimua mwili.

Mwaka huo tulichimba shimo kwenye mteremko wa Nainokanoka, huko kwa Wamaasai wa Ngorongoro, tukifuata dalili za dhahabu. Dhahabu ilikuwa kiduchu. Pembeni yake lilitoka jiwe jekundu, laini, linalochubuka kwa kucha. Bwana Raphaeli alisema ni salfaidi, madini ya salfa, tena adimu aliyoiona vitabuni tu, akapeleka kipande maabara. Wazee wa Nainokanoka walioturuhusu kuchimba waliliomba wasage olkaria, ile rangi nyekundu ambayo morani huchanganya na mafuta wakajipaka kichwani na mwilini. Tukawapa gunia zima kwa ujirani mwema, tukajiona waungwana kweli.

Kisha stoo ikaanza kubadilika. Panya walitoka mchana kweupe, wamenyonyoka manyoya, wakapita katikati ya sakafu taratibu bila kumwogopa mtu. Mama Lukresia, aliyekuwa akiponda lile jiwe, akaanza kufunga kitambaa kichwani hata kwenye joto. Tulimtania kwamba ameokoka. Akakikaza zaidi.

Majibu ya maabara yalikuja kwa simu ya upepo. Jiwe linaitwa lorandaiti, na ndani yake mna thali, sumu inayopukutisha nywele na kuunguza mishipa ya fahamu. Sote tulikitazama kile kitambaa. Yeye alikuwa ameshakumbuka gunia. Wiki ile morani wa Nainokanoka walikuwa wananyolewa na mama zao katika sherehe ya kuhitimu umorani, na vichwa vibichi vilivyotoka kwenye wembe vingepakwa rangi yetu.

Akaondoka na gari kwenda kuwazuia, likakwama kwenye matope ya msituni. Mama Lukresia akamwacha dereva Josephati na koleo lake, akapanda kwa miguu ndani ya ukungu. Alipofika, wanawake walikuwa wameketi na nyembe, na vibuyu vya rangi viko tayari. Akawaeleza kwa Kimaasai chake cha gulioni. Wazee wakauliza Mmbulu, tena mwanamke, amepata wapi ubavu wa kusimamisha sherehe yao.

Basi akavua kitambaa. Kichwa kilikuwa cheupe, hakina unywele wala alama ya wembe.

Wanawake wakamgeukia mwenzao Nanyori. Mwanawe Senteu aliipenda ile rangi kuliko wote, akajipaka tangu gunia lilipofika. Nanyori alikuwa ameshika wembe ambao haukuwa umefanya kazi. Alipomgusa mwanawe kichwani, nywele ndefu za kusuka zilikuja zenyewe mkononi, na Senteu hakusikia kitu.

Vibuyu vilifukiwa siku ile ile. Morani wengine wote walipona, na leo ni baba za watu. Senteu aliungua miguu kwa ndani hadi hakuweza kuvumilia hata shuka juu yake, akafa kabla ya mvua. Mama Lukresia alikaa naye na Nanyori mpaka mwisho, bila kuomba ruhusa ya mtu yeyote, na sisi tuliotoa lile gunia hatukuthubutu kumuuliza.

Mwezi ujao ni zamu ya mdogo wake Senteu kunyolewa. Nanyori ameleta ujumbe kambini kwamba kila akikumbuka hawezi kushika wembe, na hataki ushikwe na mwingine ila Lukresia.

Mama Lukresia ameitikia. Mama, tunakushukuru kwa yote, na maisha yako ya mbele yawe mema. Nenda ukamnyoe mtoto wenu.