Bei ya Gari Jekundu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Naomba asifiwe tena, maana mara ya kwanza nimeitikiwa na kwaya peke yake.

Nimesimama kuungama. Lile gari jekundu la milango miwili, lililokuwa likinguruma nje ya kanisa letu hapa Bofu wakati mchungaji yumo katikati ya maombi, ni langu. Si la mdogo wangu. Miaka minne nimewaambia kwamba ni la mdogo wangu aliye ng'ambo, ameniachia nilipashe moto injini. Sina mdogo aliye ng'ambo. Ninaye mdogo mmoja, yuko Mariakani anafuga mbuzi, na hajui kuendesha hata baiskeli. Mungu amenisamehe. Mdogo wangu bado anangoja maelezo.

Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na mitatu. Nina shahada mbili, na wengi huniita Mwalimu. Huandika makala magazetini nikiwashauri watu waishi kwa kiasi. Na nilipolipata gari lile, kuukuu, gari la mbio lililotoka Japani, nilianza kulichezea. Niliongeza turbo kubwa ya kuipa injini nguvu. Nikatia ekzosi pana kama bomba la maji taka. Nikakata springi ili gari lilale chini kama paka anyemeleaye panya. Nikaweka viti vinavyobana mbavu, na nyuma nikafunga bawa, ambalo mume wangu, Baba Kadzo, alilitumia kuanikia soksi. Ndugu zangu, nilikuwa na furaha! Sitasema uongo kanisani mara ya pili.

Kilichonishinda ni goti. Kila nikitaka kushuka ilibidi mtu anivute kama gunia la nazi. Daktari akaniambia nichague, gari au goti. Nikaamua kuuza.

Hapo ndipo shetani alipopata kiti. Nilichukua bei niliyonunulia, nikaongeza kila kitu nilichokitia, hata lile bawa la soksi. Ikafika laki kumi na nne. Nikaona ni haki tupu. Wanunuzi walikuja, wakazunguka, wakainama, wakainuka, wakasema, "Tutakupigia, mama." Hakuna aliyepiga. Mmoja, kijana wa bara, aliniambia waziwazi, "Mathee, hii gari imechezewa sana." Nikamwona hana elimu.

Sasa, kwa faida ya wageni wetu, nieleze jambo. Hapa kwetu sadaka za mazao hunadiwa baada ya ibada. Papai moja laweza kuuzwa mara tatu, na kila anayelinunua hulirudisha linadiwe tena. Pale watu hawatazami papai. Hutoa kadiri moyo ulivyowaka. Jambo hilo hata mtoto wa shule ya Jumapili analijua.

Jumapili ya harambee ya paa, papai lilipokwisha kuuzwa, nikasimama nikatangaza kwamba mdogo wangu anauza gari, bei laki kumi na nne, na fungu la kumi litanunua mabati. Mchungaji joto la mnada lilikuwa limempanda. Akauliza, "Nani atalichukua?" Charo akasimama. Charo mnamjua, mwalimu wetu wa kwaya, aendeshaye mashine ya kuinua mizigo katika ghala moja kule Changamwe. Gari lile alikuwa akilizunguka kila Jumapili kama mtu atafutaye mchumba. Akapaza sauti, "Nalichukua kwa bei hiyo hiyo!" Vigelegele! Kinanda! Nami nikasema amina.

Nilijua, ndugu zangu. Nilijua kijana yule amesema kwa moto wa mnada, na kwamba neno likishatoka mbele ya madhabahu, mwenyewe haoni njia ya kulirudisha. Hata fundi hakuleta. Nani hukagua alichonunua kanisani? Na nilijua fedha zile ni akiba ya kiwanja, yake na mkewe Dama. Wanaishi na watoto wawili katika chumba kimoja cha kupanga. Jumapili iliyofuata Dama alinipa shikamoo ndefu, yenye adabu zote, bila kunitazama usoni. Niliitikia marahaba.

Baba Kadzo akaniuliza, "Mke wangu, umeuza gari au umeuza watoto wa watu?"

"Ni bei ya haki," nikamjibu.

"Basi kamwulize anayejua."

Nikaenda na gari, maana Charo alikuwa hajalipa na bado liko kwangu. Si kwa toba! Nilikwenda kwa fundi Athumani, nyuma ya maghala ya Changamwe, ili anipe maneno ya kumnyamazisha mume wangu. Athumani hana maneno mengi. Aliishika boneti kwanza, kuhakikisha injini ni baridi na sikuipasha moto ili kuficha ugonjwa. Akaiwasha, akasikiliza. Akapima nguvu ya kila silinda. Akalala chini ya gari kwa muda mrefu mpaka nikadhani amesinzia.

"Mwalimu," akasema kutoka chini, "springi za kiwandani ziko wapi?"

"Ndizo hizo, nilizikata."

"La haula! Na ekzosi ya zamani?"

"Iko chini ya kitanda."

"Hicho ndicho kitu pekee cha maana ulichofanya."

Akatoka, akajifuta mikono. Akanieleza kwamba gari kama lile, lisiloguswa na mtu, lingeuzwa laki nane. Huanzia hapo, kisha kila kilichoongezwa hukiuliza swali moja: mnunuzi atashukuru, au atalipia kukiondoa? Springi, ataondoa. Bawa, ataondoa. Turbo ni nzuri, lakini imeikamua injini mpaka silinda ya tatu imechoka. "Laki saba, ukimpa na ile ekzosi ya kitandani. Wallahi siongezi."

"Na yote niliyoyatia humu?"

"Mwalimu, biriani umeshaila. Sasa wataka kuuza sahani kwa bei ya biriani?"

Ndugu zangu, nilicheka mpaka nikalia, kisha nikalia kabisa, pale pale kwenye mafuta ya injini, na vijana wa gereji wakaniletea kiti. Miaka yote ile sikuwa nimedhulumiwa hata shilingi! Mungu alinipa furaha nikaifurahia, nami nilitaka Dama na wanawe wanilipie furaha hiyo. Mzigo ulinitoka kifuani. Nilitoka Changamwe mwepesi, goti tu ndilo lililobaki na uzito wake.

Namshukuru Mungu, aliyetumia mdomo wa fundi Mwislamu kunihubiria nilipokuwa nimemzibia mchungaji masikio. Samahani kwa paa, fungu la kumi limepungua mabati kadhaa. Na wewe unayeketi hapo umeshikilia bei moyoni, ya shamba, ya ng'ombe, ya kosa ulilotendewa, mwamini Bwana uilegeze. Hutakufa. Mimi niko hapa.

Siku ile ile ya gereji, saa kumi alasiri, nilimpigia Charo. Alikuwa kazini na simu ameiacha nyumbani, akaipokea Dama.

"Abee, mama," akasema, kwa sauti ya mtu anayengoja kudaiwa.

Nikamwambia yote: mdogo wangu wa uongo, springi, silinda ya tatu. Nikamwambia Charo yuko huru, neno lake nimelirudisha. Na kama bado analitaka gari, ni laki saba.

Nikasikia watoto wakigombania kijiko.

"Laki sita na nusu, mama," akasema Dama. "Aliyesimama kanisani ni Charo. Mimi nilikuwa nimekaa."

Nikampa kwa sita na nusu.