Wale Waliobaki Darasa la B

Kule Shituru, pale njia ya reli inapopita nyuma ya nyumba za kampuni, mtu aliwahi kulaza taruma moja kuukuu juu ya matofali, na likawa benchi. Delphine huuza kahawa hapo asubuhi. Wateja wake wa kila siku ni Constantin, karani mstaafu anayeitwa Directeur, yaani mkurugenzi, ingawa hajawahi kuongoza hata mbuzi, na Doudou, fundi wa simu, anayeitwa Antenne kwa sababu hakuna uvumi unaompita. Delphine hana jina la utani. Mwenye birika hataniwi.

Asubuhi hiyo alimimina kahawa akaimwaga nje ya kikombe.

— Mama Gaëlle, unawaza juu ya nini? Directeur aliuliza.

— Juu ya Samedi.

Jumamosi Gaëlle, bintiye wa darasa la sita A, angefanya mtihani wa kuingia sekondari ya masista. Ni mara moja tu. Anayeanguka anatafuta shule nyingine, na nyingine zilizokuwa karibu Delphine alizijua. Jana alikuwa amempa mtoto karatasi tupu na hesabu moja ya kugawanya. Mtoto akakaa, kalamu mkononi, akingoja.

— Akaniuliza: mama, majibu ya kuchagula iko wapi?

Antenne akacheka, kisha akaacha. Mwaka mzima darasa la A lilijifunza hesabu kwenye kompyuta. Mashine inatoa majibu manne, mtoto anabonyeza moja; akikosea anabonyeza lingine, mpaka mashine iimbe bravo.

— Lakini mutoto yako alipata quatre-vingt-douze pour cent, tisini na mbili ku mia! Directeur alisema. Miye, wakati yangu, maître, mwalimu yetu, alikuwa anatupiga fimbo, na tulipata quarante, arobaini tu.

— Ile points ni nani alitoa? Delphine akauliza.

— Machine.

— Na anayefundisha?

— Machine.

— Basi inajipatia points yenyewe.

— Mama, machine haina ndugu, haina kabila. Itadanganya juu ya kusaidia nani?

Antenne akasogea mbele. Alikuwa amengoja zamu yake.

— Miye natengeneza batelefone kila siku. Mama Gaëlle, namba ya bwana yako, itaje sasa hivi. Bila kuangalia.

Delphine akapapasa mfuko, akitafuta simu yake.

— Munaona? Telefone ilishaikula. Na ile machine ya masomo inakula table ya multiplication vilevile. Inatoa mu kichwa ya mutoto, inapeleka Ulaya, inachunga kule. Siku courant, umeme, inakatika, kichwa inabakia vide, tupu kabisa.

— Weye unasemaka sana, Directeur alisema. Courant ikikatika, maître iko.

— Maître? Anakaa nyuma, anaangalia mupira mu telefone yake! Na mumesahau batterie. Cobalt yake inatokaka wapi? Ku migodi ya Kambove apa. Na ingine banaitoa kwa bwizi Shinkolobwe. Ile mawe munaijua, hapana? Sasa batoto bote mu chumba moja, madirisha ya kufunga, sura mbele ya ile mwangaza, mwaka muzima…

Hakuna aliyecheka. Shinkolobwe si jina la kuchezea: huko ndiko ilikochimbwa urani ya mabomu ya atomiki, na watu huogopa mawe yake. Delphine akakumbuka kwamba Gaëlle alilalamika kuumwa kichwa mara mbili mwezi huu.

— Nyamaza, Antenne.

— Kunyamaza njo dawa?

Mwanamke mmoja alikuwa amesimama karibu nao, mfuko begani, akitafuta pa kukaa. Alijitambulisha: jina lake ni Mimi, ametoka Kambove wiki hii, mume wake amepata kazi kiwandani. Akaomba kahawa.

— Natoka ku masomo, kuandikisha mutoto. Banasema mwaka unaokuja batafanya tirage tena.

— Njo vile! Directeur akanyooka. Kompyuta hazitoshi darasa mbili. Banatikisa karata mu kofia, kila muzazi anatoa moja. A, unapata machine. B, unabakia na ubao na chaki.

Delphine aliikumbuka siku ile. Yeye alitoa A, akapiga vigelegele uwanjani. Martine, jirani wa mlango wa pili, ambaye mtoto wake Elikia alikuwa amekaa dawati moja na Gaëlle tangu darasa la kwanza, alitoa B, akalia. Wote walimwonea huruma. Waliendelea kumwonea huruma mwaka mzima.

— Na bale ba B, Mimi akauliza, beko namna gani sasa?

— Namna gani vipi? Directeur akauliza.

— Ku hesabu. Banabashinda ba A, ao ba A njo banabashinda?

Directeur akaweka kikombe chini.

— Ba B habana pour cent, mama. Machine haibapimi.

— Sawa. Miye nauliza kama banajua.

Directeur akamwangalia Antenne. Antenne, aliyejua mpaka mawe ya Shinkolobwe yanakopita, hilo hakuwahi kuliuliza. Delphine akashika kifuniko cha birika, akakiweka. Kahawa ilikuwa bado nusu.

— Mama Gaëlle, unaenda wapi?

— Kwa Martine. Elikia haijaenda masomo bado.

Alitembea haraka, akipanga maneno: Martine, nipe mutoto kidogo, nimupe hesabu moja. Hesabu ileile. Karatasi tupu. Alipofika mlangoni aligundua kwamba midomo yake inachezacheza, anamwomba Mungu. Akasikiliza anaomba nini. Alikuwa anaomba mtoto wa Martine asiijue hesabu ile.

Akabaki amesimama, mkono juu, hajabisha hodi.