Mama Anisia, Aliyefundisha Mashairi Kwenye Meza ya Ndagala

Mama yetu Anisia Ndayizeye alizaliwa tarehe 14 Agosti 1976 katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Tabora, Tanzania, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Fabiano.

Alisoma hukohuko mpaka darasa la nne. Akaishia hapo, maana mama yake aliugua na wadogo walihitaji mtu wa kuwapikia. Kusoma alijua, lakini polepole, kwa kidole.

Tarehe 20 Juni 1998 alifunga ndoa na baba yetu Adriano. Mwaka 2009 walirudi Burundi, wakafikia Mwakiro, kule Muyinga, kwenye shamba la ukoo. Kirundi chake kilikuwa na lafudhi, na kisimani walimwita "Mtanzania." Hakupenda. Mwaka 2014 walihamia hapa Giheta, akaanza kuuza ndagala, wale dagaa wadogo wa ziwani, sokoni.

Mashairi yalimfikia mwaka 2019. Dada yetu Lucia, anayefanya kazi Muyinga mjini, alimtumia kwenye simu rekodi za watu wakighani, alizozitoa mtandaoni. Mama alikuwa anapima samaki huku anasikiliza ubeti, anaurudisha, anaurudisha tena, mpaka wateja nao wanaushika. "Kumbe hili jambo halitaki daftari!" alisema. Ndipo akaanza kuwafundisha vijana walioacha shule, kila Jumapili baada ya misa, kwenye meza yake. Alitaka kila mmoja awe na shairi lake mwenyewe.

Wa kwanza kutunga alikuwa Pili, muuza nyanya, ambaye kama wengi hapa Giheta huitamka l kuwa r:

Nimerudi sina dira,
kwetu ndipo nitarara.

Mama akamkatiza. "Ni nitalala. Na 'lala' haina kina na 'dira'."

"Mama Lucia, we sikiliza bien, sikiliza vizuri," Pili akasema. "Dira. Rara. Iko sawa kabisa!"

"Hicho si Kiswahili."

Watu wakacheka. Jumapili iliyofuata Pili hakuja, wala ile nyingine, na wenzake wakaanza kupungua. Nyumbani baba aliuliza tu, "Mama Lucia, kule Mwakiro walikuitaje?" Kesho yake Mama alimfuata Pili kwao, akaketi naye mkekani. "Nilisikia kwa masikio ya Ulyankulu," akamwambia. "Sema tena, nisikie kwa ya Giheta."

Akamrekodi, akalituma shairi kwenye kundi la wapenda mashairi mtandaoni. Mtu mmoja huko akaandika kwamba vina vimevunjika. Mama akamjibu kwa ujumbe wa sauti: "Huku kwetu vinalingana, ndugu yangu. Njoo ununue ndagara, utasikia." Alisema ndagara, yeye ambaye siku zote alisema ndagala. Pili alicheka mpaka akashika mbavu.

Vijana walirudi, wakaongezeka. Leo rekodi zao wenyewe zinasikilizwa mpaka Muyinga.

Oktoba 2024 figo zilianza kumsumbua, akawa anatibiwa Gitega. Kitandani alimkabidhi Pili somo la Jumapili.

"Na mimi nikikosea vina, Mama Lucia?"

"Watakurekebisha. Ukiwakasirikia, wafuate kwao."

Mama alifariki hospitalini tarehe 11 Februari 2025, asubuhi, baba akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume wake Adriano, watoto watatu, Lucia, Kasiano na Raissa, mjukuu mmoja, na wanafunzi wake wote. Jumapili hii somo lipo. Pili atafundisha, na kila mtu anakaribishwa na mdomo wake alionao.

Mungu ampokee mama yetu, ampumzishe katika amani yake.