Kofia za Fundi Kornel

Juni 30, baada ya miaka thelathini na mmoja, Fundi Kornel Sikazwe atafunika cherehani yake katika chumba cha ushonaji cha hospitali yetu na kurudi kwao Kate kulima ulezi. Nimeombwa niandike maneno ya kuchangamsha sherehe. Nitajaribu, ila mnivumilie: mimi ni muuguzi wa kliniki ya macho, na tarehe hiyo inaninyima usingizi tangu Pasaka.

Alianza mwaka 1994, akitokea Katandala alikokuwa akishona sare za shule. Mashuka, mapazia ya wodi na magauni ya upasuaji, yote yamepita mikononi mwake. Daktari Calvin, aliyekuwa akiinama kila mlango, alivaa gauni linaloishia magotini hadi Fundi alipomwonea huruma akaliongezea kipande cha pazia la wodi ya wazazi, chenye maua. Daktari alilivaa hivyo miaka miwili. Na tusidanganyane: nani hapa hajampelekea suruali yenye zipu mbovu saa za kazi? Alifoka, akasonya, akashona.

Lakini kazi nitakayomkumbukia haimo katika orodha ya majukumu yake. Miaka sita iliyopita mama mmoja wa Kaengesa, Hellena, alimleta binti yake Rozina, wa miaka mitatu. Mtoto huyu alizaliwa bila ile pete ya rangi inayozunguka mboni na kupunguza mwanga. Jua linamuumiza. Zaidi ya hapo, tabaka la juu la macho yake ni dhaifu: linakauka, linawasha, linavimba. Hali hiyo ikiendelea, kioo cha jicho huingia ukungu taratibu, kutoka pembeni kwenda katikati. Matone ya kulainisha macho tulikuwa nayo, na miwani ya jua tulimpa. Dawa ya upepo wa Ufipa, ambao ukifika Juni hauna adabu, hatukuwa nayo.

Fundi alimkuta Rozina kwenye benchi, kajifunika uso kwa kanga ya mama yake. Hakuomba kibali kwa mtu. Kesho yake alileta kofia ya ukingo mpana, yenye mabawa mawili yanayoshuka mashavuni na kuziba pembeni mwa miwani ya jua, upepo usipate pa kupenya. Na kwa kuwa ilikuwa baridi, kwa upendo wake akaweka blanketi laini ndani.

Macho yakawa mekundu kuliko mwanzo. Wiki tatu tulibadilisha matone, tukamlaumu mama wa watu kwamba anamkalisha mtoto kwenye moshi wa jikoni. Ni Fundi aliyeona vinyuzi vya blanketi kwenye kope za mtoto. Aliingia kwenye kikao cha asubuhi, kofia mkononi, akasema mbele ya Mganga Mfawidhi: “Ni mimi. Nimemtia manyoya machoni mtoto wa watu. Mama yake msimsumbue tena.” Kisha akaenda kumwomba Hellena radhi, jambo ambalo sisi wenye vyeti tulichelewa kulifanya. Kofia ya pili aliishona kwa pamba tupu na kuifua mara nne kabla ya kuitoa.

Tangu hapo, kichwa cha Rozina kikikua, Fundi hupima upya. Mei mwaka huu tulichelewa. Hellena alikuwa kwenye mavuno, nasi hatukumkumbusha. Kofia ikabana, mabawa yakaacha nafasi ya kidole pembeni mwa jicho la kulia. Siku kumi za upepo zilitosha. Nilipolipima jicho, niliona ukungu umeanza ukingoni mwa kioo. Daktari bingwa ameongeza matone na kuagiza tumwone kila wiki. Uvimbe umepungua, ukungu haujaondoka. Rozina ana miaka tisa sasa, anakaa dawati la mbele kabisa, na mimi naogopa. Naogopa Julai, naogopa Agosti, naogopa siku atakayosema ubao umefutwa kumbe haujafutwa.

Nilimwambia Fundi hivyo wiki iliyopita, huku nalia bila aibu. Juzi akaja kliniki na furushi. Ndani mlikuwa na kofia tano, kila moja kubwa kuliko iliyotangulia. Ya tano ni ya mwanamke mtu mzima, ya kitenge cha bluu, na ukingo wake ni mwembamba kidogo. Nikamuuliza kwa nini hiyo kaipunguza.

“Hiyo ni ya kazini,” alisema. “Kivuli kikizidi, atasomaje mafaili?”

Fundi Kornel, asante kwa mashuka, kwa zipu, na kwa kukiri kosa kabla hatujakuuliza. Kofia nimeziweka kabatini, na Hellena nitamkumbusha mwenyewe. Nenda salama, ulezi ukubali, mgongo upumzike. Tunakuombea uzee wenye afya. Nawe utuombee tuifikie kofia ya tano.