Mwalimu Mlangoni, Mguu Huku na Mguu Huku

Mama yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu Mlangoni, alizaliwa mwaka 1964 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Cheti kinasema ilikuwa tarehe tisa Machi. Mama yake mzazi, fundi cherehani, alishikilia mpaka mwisho kwamba ilikuwa Desemba, kwa kuwa uchungu ulimshika akiwa anashona sare za shule, na sare hazishonwi Machi. Marehemu mwenyewe akiulizwa alijibu, "Nilikuwepo, lakini sikuwa nasikiliza." Basi kwenye kibao cha kaburi tumeandika mwaka tu.

Alikuwa mtoto wa pili kati ya wanne. Baba yao alikuwa mlinzi wa usiku pale kiwandani na mchana alilala, ndiyo maana watoto wa nyumba ile walijifunza kugombana kwa kunong'ona. Wanaowajua mpaka leo watasema kwamba katika familia hii, sauti ikishuka ndipo mambo yameharibika.

Alisoma shule ya msingi ya serikali iliyo jirani na kiwanda, ileile aliyokuja kufundisha. Mdogo wake wa kike, ambaye ni mama yetu mdogo na yuko hapa nasi, alimfuata siku ya kwanza akiwa hajafikisha umri. Alisimama nje ya dirisha akilia mpaka mwalimu akachoka. "Mwingizeni," akasema, "lakini asihesabiwe." Wakakaa dawati moja, dada akiandika na mdogo akilamba penseli. Baadaye wote wawili walikwenda chuo cha ualimu, mmoja akitoka, mwingine akiingia, na godoro wakaachiana.

Marehemu alikutana na mumewe, ambaye hata yeye alimwita Fundi kama sisi sote, alipokuja kujenga vyoo vya shule. Alimwendea na kumwambia, "Fundi, ukuta wako umelewa." Fundi akapima, akapima tena, akajibu, "Ukuta haujalewa, Mwalimu. Wewe ndiye umeinamisha kichwa." Na kweli, marehemu akifikiri aliinamisha kichwa upande. Walioana mwaka 1990, wakajaliwa watoto watatu.

Wakati huo kila darasa lilikuwa na mwalimu wake. Kulikuwa na mpishi wa uji, na mwalimu wa muziki mwenye kinanda kilichokosa sauti mbili. Kisha serikali ikaanza kupunguza bajeti ya elimu. Haikuja kwa kishindo. Kinanda kiliharibika kisitengenezwe, na mwenye nacho akahamishwa. Uji ukaisha. Mpishi aliendelea kuja wiki kadhaa, akikaa jikoni bila moto, kwa sababu hakuna aliyemwambia asije. Mwaka 2009 mwalimu wa darasa la nne alistaafu, na kwenye kiti chake hakuja mtu.

Marehemu alifundisha darasa la tatu, chumba cha pili yake. Akawa anatoka mlango huu anaingia ule, na akifika huku, kule kumeshawaka moto. Jioni moja alimwambia mumewe, "Nataka unitobolee ukuta."

"Ukuta gani?"

"Wa darasani."

"Mwalimu, mimi nalipwa kujenga."

"Basi hii hutalipwa."

Mwalimu mkuu aliposikia alishika kichwa. "Ukuta huo ni mali ya serikali!"

"Na watoto wa darasa la nne ni mali ya nani?"

Mwalimu mkuu akasema kwamba wakati wa likizo yeye husafiri kwao, na asiyekuwepo haoni. Likizo ikafika, Fundi akabeba nyundo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mama yetu aliziba ufa kwa kubomoa ukuta, na tangu siku ile mambo hayakunyooka tena kichwani mwake.

Alisimama katika uwazi ule miaka yote iliyobaki. Sakafu ya darasa la nne ilikuwa chini kidogo, kwa hiyo alisimama amelala upande, mguu huku na mguu huku, na kiatu cha kulia kiliisha kisigino kabla ya mwenzake. Huku wakiandika, kule walisoma kwa sauti. Mtoto wa darasa la tatu akijibu swali lisilo lake, aliambiwa, "Nani kakuuliza? Lako litakuja mwakani." Mkwe wake mmoja, aliyepita pale utotoni, husema aliingia darasa la nne akikuta masomo yote anayafahamu kwa sura, kama jirani uliyekuwa ukimwona dirishani.

Wageni wa ofisi ya elimu walikuja wakaona. Walipiga picha, wakasema huu ni mfano wa kuigwa, wakampa saa ya ukutani. Tusifiche, alifurahi. Aliitundika sebuleni, na kila aliyeingia aliulizwa saa ngapi hata kama amevaa yake.

Mwaka uliofuata shule nyingine nazo zikaambiwa zitoboe kuta, mwalimu mmoja ashike madarasa mawili. Katika shule ya mama mdogo aliyezidi ni yeye. Alikuwa wa mkataba, na mkataba haukurudi.

Alikuja Jumapili, akaiangalia ile saa kabla hajaketi. Sauti ikashuka.

"Dada, unajua nani kaniachisha kazi? Nyundo ya shemeji."

"Mimi nilitaka watoto wasome."

"Na wamesoma. Ndiyo maana wanasema mmoja anatosha."

Mama mdogo alipoondoka, saa iliteremshwa ikawekwa chini ya kitanda, ikaendelea kugonga humo mpaka betri zilipokufa. Fundi alilalamika kwamba ni kama kulala juu ya mgonjwa. Kwa miaka mingi baada ya hapo, kwenye shughuli za familia, mama mdogo alisalimia chumba kizima mmoja mmoja, akifika kwa dada yake akawa ameona kitu dirishani.

Marehemu hakuelewa amekosa wapi, wala hakuelewa kama amekosa. Alimwuliza mumewe wakiwa mezani, "Nikisimama pale, wanasema hakuna pengo. Nisiposimama, watoto ndio wanaotumbukia. Nifanyeje?" Fundi akajibu kwamba yeye anajua matofali na saruji. Marehemu alifuatana na wazazi wa wanafunzi hadi ofisi ya elimu kuomba mwalimu. Ofisa alimpisha kiti kwa heshima, akamwambia, "Lakini mama, si wewe mwenyewe uliyetuonyesha kwamba inawezekana?" Alirudi nyumbani akaosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Ilisemekana wakaguzi watakuja Jumatatu. Marehemu akatundika shuka kwenye uwazi, akakaa na darasa la tatu, akaupa mgongo upande ule. Alitaka wageni wakute darasa lisilo na mwalimu na waone kwa macho yao. Alitegemea kelele. Kukawa kimya. Alipogeuka aliona chini ya shuka visigino vidogo vimepangana. Watoto wa darasa la nne walikuwa wameketi sakafuni, wameegemea shuka, wanasikiliza somo la mwaka jana. Akalishusha shuka, akafutia nalo ubao. Wageni wenyewe hawakuja.

Mwaka jana sauti yake ilianza kukwaruza. Tulidhani ni chaki, naye alidhani ni chaki. Ilikuwa uvimbe kooni, na daktari akamkataza kusema. Uwazi ukabaki mtupu. Wiki ya pili, mama mdogo, ambaye siku hizi huuza mikate, alivaa viatu vya zamani vya kazi akaenda kusimama pale bila kuitwa na mtu. Jioni akapita nyumbani.

"Sijaja kwa ajili yako," akasema. "Nimekwenda kwa ajili ya watoto."

Marehemu alinong'ona, "Ndivyo hata mimi nilivyoanza."

Mama mdogo alicheka mpaka akatafuta kiti. Tangu siku hiyo wakawa wanakaa pamoja, mmoja akisema na mwingine akiitikia kwa kichwa. Mama mdogo yuko mlangoni pale mpaka sasa, halipwi, wala mwalimu mwingine hajaletwa.

Marehemu alilazwa, akapewa kitanda cha katikati, na nesi alisema aliwageukia wagonjwa wa pande zote mbili kwa zamu. Alifariki Alhamisi iliyopita asubuhi, Fundi akiwa amemshika mkono.

Kuna jambo moja ambalo familia imeona isiwafiche. Jumamosi matofali yalishushwa shuleni, kando ya ule ukuta. Mama mdogo alimkabili Fundi msibani, watu wamejaa.

"Shemeji, matofali ya nini?"

"Ya kuziba. Kaniambia mwenyewe Jumanne. 'Fundi, ziba, waone pengo.'"

"Mimi kaniambia Jumatano. 'Usimwache Fundi azibe.'"

Waliendelea kwa kunong'ona, nasi tukaelewa hali ilivyo. Labda alibadili mawazo usiku ule. Labda dawa zilikuwa zinamchanganya. Mkwe wake yule husema kwamba Mwalimu hakuwahi kuwapa pande zote mbili somo moja. Huku aliwaambia andikeni, kule someni, na wote wakasikia. Lakini hata yeye hajui afanye nini na hilo, maana mwanawe ataanza shule hapohapo.

Mgeni kutoka ofisi ya elimu aliomba nafasi ya kuzungumza juu ya mfano wa kuigwa. Tumemshukuru, tukamwomba leo akae tu na sisi, asikilize. Shule itafunguliwa Jumatatu. Matofali yapo, na mama mdogo ana chaki mkobani. Fundi amesema hatagusa mwiko mpaka yeye na shemeji yake wawe na neno moja. Mwenye jibu atatukuta nyumbani, na tunaomba aje mapema.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu watano, mdogo wake aliyeingia darasani bila kuhesabiwa, na madarasa mawili.

Apumzike kwa amani mama yetu, miguu yote miwili upande mmoja.